UZI: Viwanja vya michezo vya jamii kwa ubia wa umma na sekta binafsi (PPP): hesabu, mkataba na mahali panapoharibika

Kipenga (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Ubia wa viwanja ukijadiliwa, watu hubishania mambo mawili: mwekezaji ni nani na ardhi ni ya nani. Ni maswali halali, ila mikataba mingi ya aina hii huharibikia kwenye ratiba. Kiwanja cha jamii kina bidhaa moja ya kuuza, nayo ni saa. Saa ya jioni ikipita bila mchezaji, hakuna stoo ya kuihifadhi. Anayeamua nani acheze lini na kwa bei gani ndiye mwenye kiwanja, hata kama hati imeandikwa jina la mwingine.

Ili tuongee kitu kimoja, tuweke mradi wa mfano. Kiwanja kimoja kamili cha nyasi bandia, mita 105 kwa 68, na ukingo wa mita 3 kila upande. Hapo ni 111 kwa 74, yaani mita za mraba 8,214. Kinagawanyika kwa nyavu kuwa viwanja vidogo vinne. Pembeni kuna uwanja wa netiboli (mita 30.5 kwa 15.25), taa, uzio, vyumba vinne vya kubadilishia nguo, vyoo na vibanda vya biashara. Mamlaka ya mji inatoa ardhi, mbia binafsi anajenga na kuendesha, mwisho wa mkataba anarudisha.

Sasa saa. Kiwanja kikifunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku, ni saa 16 kwa siku, 112 kwa wiki. Saa zenye wateja wa kulipa ni chache kuliko watu wanavyodhani: Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa 11 jioni hadi saa 4 usiku (jumla 25), na wikiendi tuseme saa 1 hadi saa 5 asubuhi, halafu saa 9 alasiri hadi saa 3 usiku (jumla 20). Kwa hiyo saa za kilele ni 45. Zilizobaki 67 ni za jua kali na watu wako kazini.

Mtego uko hapa. Mkataba ukisema "asilimia 40 ya muda itatengwa kwa ajili ya jamii", mbia atatoa hizo saa 45 (asilimia 40 ya 112) zote kutoka kwenye zile 67. Kwenye karatasi ametimiza. Kwa mtoto aliyeko darasani saa 4 asubuhi hajatoa kitu. Sentensi inayofaa ina namba mbili: asilimia kadhaa ya saa za kilele na asilimia kadhaa ya saa nyingine. Asilimia 20 ya kilele ni saa 9 kwa wiki. Ziandikwe kwa siku na muda kwenye kiambatisho, na zisihamishwe bila saini ya pande zote mbili.

Karibuni.

---

MizaniYaHesabu

Mleta uzi umeanza vizuri. Ngoja niweke fedha juu ya hizo saa, maana saa 9 za kilele zina gharama na lazima mtu azilipie.

Sitataja sarafu. Gharama yote ya ujenzi iwe vipande 100. Mchango wa umma 25 (kuvuta maji na umeme, barabara ya kuingilia, sehemu ya msingi), mtaji wa mbia 25, mkopo 50. Riba asilimia 12, miaka 10, marejesho sawa kila mwaka. Marejesho ni 8.85 kwa mwaka. Benki haitakubali fedha inayobaki baada ya uendeshaji ilingane tu na marejesho, itataka angalau mara 1.25. Hiyo ni 11.06. Uendeshaji (mishahara, umeme, maji, bima, ulinzi, usafi) tuseme 8. Zulia la nyasi lina thamani ya vipande 20 na litabadilishwa mwaka wa 9, kwa hiyo kila mwaka weka 2.2. Jumla inayotakiwa kuingia ni 21.3 kila mwaka.

Mapato sasa. Saa za kilele 45 toa 9 za jamii, zinabaki 36. Zikijaa kwa asilimia 85 ni 30.6. Saa za mchana zibaki 40 za kuuza, zijae robo, kwa nusu bei, sawa na saa 5 za kilele. Jumla 35.6 kwa wiki. Wiki 50 ni saa 1,780. Viwanja vidogo vinne kwa pamoja: saa-kiwanja 7,120.

Gawanya 21.3 kwa 7,120 unapata 0.003. Maana yake, kwa dhana hizi, kila saa ya kiwanja kidogo inabidi ilete 3 kwa kila 100,000 ya gharama ya ujenzi. Chukua gharama halisi ya mradi wako, gawa kwa 100,000, zidisha kwa 3, kisha gawa kwa wachezaji 10. Hiyo ndiyo bei ya mtu mmoja kwa saa moja. Mfuate kijana wa mtaa husika umuulize kama analipa kiasi hicho mara moja kwa wiki. Akicheka, usiendelee na upembuzi yakinifu wa kurasa 200. Rudi upunguze gharama ya ujenzi au uongeze mchango wa umma.

Na bado mwenye mtaji hajaridhika. Ile ziada ya 2.2 juu ya marejesho ndiyo gawio lake: asilimia 8.8 ya mtaji wa 25. Benki inapata 12 ikiwa na dhamana, yeye apate 8.8 bila dhamana? Hatakuja. Akitaka 18 anahitaji 4.5 kwa mwaka, yaani 2.3 zaidi, na hizo zitoke kwenye vibanda, matangazo, haki ya jina la uwanja na uwanja wa netiboli. Mbia akikubali mradi ambao hesabu yake haimlipi, jiulize anatarajia kulipwa wapi. Mara nyingi ni kwenye ardhi.

---

Mpiga Kona

> Mizani: "Zikijaa kwa asilimia 85"

Mkuu, na zisipojaa?

---

MizaniYaHesabu

Shusha hadi 65. Saa 36 mara 0.65 ni 23.4, ongeza 5, ni 28.4. Mapato yanashuka kutoka 21.3 hadi 17. Toa uendeshaji 8, inabaki 9. Marejesho ni 8.85. Umeona? Benki inalipwa, kinachokosa ni mfuko wa zulia. Mwendeshaji hatasema ameshindwa, ataruka tu kuweka ile 2.2, na kwa miaka mitano ya kwanza hakuna jicho litakaloona tofauti. Mwaka wa 9 zulia limeisha, mfuko mtupu, na mkopo umebaki mwaka mmoja.

Ndiyo maana mfuko wa ukarabati mkubwa hauandikwi kama ahadi. Unakuwa akaunti ya amana yenye saini mbili, ya mbia na ya mamlaka. Fedha inaingia kila mwezi moja kwa moja kutoka kwenye makusanyo, kabla ya gawio na kabla ya ada ya usimamizi. Benki itapinga kuwekwa nyuma yake. Jibadilishieni nafasi mkipenda, lakini gawio lisilipwe hata senti mfuko ukiwa chini ya kiwango cha mwaka husika.

---

Nyasi_na_Kokoto

Nashukuru zulia limetajwa mapema. Kwenye mabishano ya ubia watu husema "nyasi bandia" kama vile ni kitu kimoja kinachonunuliwa dukani. Ninavyoona, nusu ya gharama za baadaye huamuliwa chini ya zulia, wakati wa ujenzi, siku ambazo mtu wa upande wa umma hayupo.

Mpangilio wa kawaida kutoka chini: udongo ulioshindiliwa (asilimia 95 ya msongamano wa juu uliopimwa maabara ndiyo kiwango kinachotajwa sana), kitambaa cha kuchuja, mabomba ya kukusanya maji, kokoto zilizosagwa kwa tabaka la milimita 150 hadi 300 kutegemea udongo, tabaka jembamba la kusawazisha, godoro la kufyonza mshtuko kama limo kwenye usanifu, kisha zulia la nyuzi za milimita 40 hadi 60. Juu yake mchanga wa kulituliza na chembe laini za kijazio. Kwa kiwanja cha mleta uzi, mchanga wa kilo 15 kwa mita ya mraba ni kama tani 120, na chembe za mpira kilo 10 ni kama tani 80. Ukiona malori matatu tu yameshusha, piga hesabu.

Makosa yanayorudia:

Maungio ya zulia. Vipande vinaunganishwa kwa utepe na gundi. Gundi ikipakwa kwenye unyevu au vumbi, maungio yanafunguka ndani ya mwaka na mchezaji anajikwaa. Mlazimishe mkandarasi afanye jaribio la kuvuta maungio, matokeo yawekwe kwenye hati ya makabidhiano.

Usawa. Weka rula ya mita 3 juu ya uso, pengo lisizidi milimita 10. Kokoto zikizama baada ya mvua ya kwanza, zulia huwezi kulinyoosha kutoka juu.

Kijazio kuhama. Langoni, kwenye alama ya penalti na kwenye kona nyuzi zinalala, chembe zinaondoka, jua linakausha nyuzi zikiwa uchi. Dawa ni brashi ya kukokotwa kila wiki na kupima kina cha kijazio kwa sindano ya kupimia kwenye sehemu zile zile kila mwezi. Gunia chache za chembe za akiba ziwepo stoo wakati wote.

Halafu kuna muhuri wa FIFA. Aina mbili ndizo hutajwa sana. FIFA Quality Pro ni kwa mashindano ya juu na cheti chake hudumu mwaka 1, na FIFA Quality ni kwa matumizi mengi ya jamii na hudumu miaka 3. Wabia hupenda kuahidi "Pro" kwenye andiko kwa sababu jina linavutia. Kwa kiwanja cha saa 50 kwa wiki hiyo ni kuagiza gari la mashindano libebe magunia. Taja Quality, kiwango cha kufyonza mshtuko asilimia 55 hadi 70, mpira ukidondoshwa uruke mita 0.6 hadi 1.0, na upimaji urudiwe kila miaka 3 kwa gharama ya mbia.

Na mkataba unaosainiwa sasa ujue kwamba Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya 2023, umepiga marufuku kuuza chembe za plastiki na mpira za kijazio kuanzia Oktoba 2031. Hata kama hauko Ulaya, viwanda vinavyouza huko vinabadilisha bidhaa. Ukiandika "zulia la pili litafanana na la kwanza" unaweza kujikuta umeagiza kitu kilichoacha kutengenezwa. Andika utendaji unaotaka, uache aina ya kijazio wazi.

---

Bi Ratiba

Kaka Nyasi, umenigusia saa 50. Kwa wanaouliza kwa nini isiwe nyasi asilia: kiwanja cha udongo wa kawaida bila mfumo mzuri wa kutoa maji hustahimili saa 4 hadi 6 za mechi kwa wiki, baada ya hapo ni vumbi au tope. Kwa saa 6 hakuna ubia wa kulipa mkopo. Nyasi asilia ni sawa pale mji unapolipa mwenyewe na kiwanja ni cha mechi za wikiendi. Tusilazimishe.

Nije kwenye mfumo wa kuweka nafasi, maana ndiko saa zinakoibiwa mchana kweupe.

Kwanza, kumbukumbu za nafasi ziwe mali ya mamlaka. Mbia anautumia mfumo, lakini mamlaka inaona moja kwa moja kila saa: nani kaweka, kalipa kiasi gani, kacheza au hakucheza. Mkataba ukivunjika bila kipengele hiki, mbia anaondoka na orodha ya wateja, na kiwanja kinaanza upya kama kipofu.

Pili, klabu tatu kubwa zisiruhusiwe kushika jioni zote za msimu. Kikomo cha kawaida kinachofanya kazi: kundi moja lisizidi saa 4 za kilele kwa wiki, na robo ya kilele iachwe kwa wanaoweka nafasi ndani ya siku 7.

Tatu, asiyefika. Ukifuta zikiwa zimebaki chini ya saa 48 kabla ya mchezo unalipa nusu, usipofika unalipa yote, ukikosa mara tatu kwa msimu unapoteza nafasi ya kudumu. Saa za bure za jamii nazo ziwe na adhabu, siyo ya fedha, bali kupoteza zamu. Kitu cha bure kisicho na adhabu hubaki kitupu huku wengine wanakihitaji.

Nne, wasichana na wanawake. Ukiacha soko liamue, jioni zote zitakwenda kwa timu za wanaume watu wazima maana ndio wana fedha na mazoea. Tenga saa zao ndani ya kilele, tena mapema, saa 11 hadi saa 1, ili warudi nyumbani barabarani kukiwa na watu. Na taa za njia kutoka langoni hadi kituo cha usafiri ziwe ndani ya kazi za mradi, zisiachwe nje ya uzio kama tatizo la mtu mwingine.

---

Kifungu_cha_Saba

Bi Ratiba naunga mkono. Niongeze upande wa sheria, nikianza na mfano unaojulikana duniani.

Singapore ilijenga kituo chake kikubwa cha michezo, Singapore Sports Hub, kwa ubia: mkataba wa miaka 25 kuanzia 2010, kikafunguliwa 2014. Baadaye gharama za kutumia uwanja kwa gwaride la taifa la 2016 zikawa mgogoro wa hadharani, kwa sababu siku zilizohitajika zilizidi zile mkataba ulizotoa bila pango. Desemba 2022 serikali ikauchukua mradi wote na kuuendesha yenyewe, ikitaja haja ya kuufungua zaidi kwa jamii. Nchi yenye wanasheria na fedha za kutosha, na bado shida ikawa kwenye kuhesabu nani ana haki ya siku zipi. Mleta uzi hakutia chumvi.

Vifungu ambavyo nisingesaini bila kuviona:

Ardhi. Mbia anapewa haki ya kutumia kwa muda, hati haitoki mkononi mwa mamlaka. Benki ichukue rehani juu ya haki za mkataba, mapato na hisa za kampuni ya mradi. Ardhi isiguswe. Benki ikisema haiwezi, ipewe haki ya kuingilia: mbia akiyumba, benki ina siku 90 kuleta mwendeshaji mwingine kabla mamlaka haijavunja mkataba. Wakopeshaji wengi huridhika na hilo.

Muda. Mkopo wa miaka 10 unahitaji mkataba wa miaka 12 au 13, ile ziada ni ya kupumulia. Mbia akiomba 30 kwa kiwanja cha nyasi bandia anaomba ardhi.

Mgawo wa mapato. Usikubali mgawo wa faida. Faida hutafunwa na "ada ya usimamizi" inayolipwa kwa kampuni dada. Chukua asilimia ya makusanyo ghafi: ndogo, tuseme 5, hadi kufikia makadirio ya andiko, kisha 20 kwa kila kinachozidi. Mbia mkweli hatakimbia, kwa sababu ile ya juu inakuja akishapata chake.

Fidia ya kuvunja. Kosa likiwa la mbia, mamlaka isilipe zaidi ya salio la mkopo, toa gharama za kurekebisha. Kosa likiwa la mamlaka, mkopo wote na mtaji kwa thamani iliyokubaliwa. Usipoziandika kanuni hizi mapema, utaziandikiwa na msuluhishi.

Kurudisha. Ukaguzi wa pamoja miezi 24 kabla ya mwisho, orodha ya matengenezo yenye bei, na fedha hiyo izuiwe kwenye makusanyo ya miaka hiyo miwili. Zulia linaporudishwa liwe na angalau miaka 3 ya maisha, kwa kipimo cha maabara, isiwe kwa macho ya kamati.

Dhamana ya utekelezaji asilimia 5 hadi 10 ya gharama ya ujenzi, itoke benki. Ya bima isiyojulikana ni karatasi.

---

Mpiga Kona

Swali la kichokozi. Kama mji unatoa ardhi na robo ya fedha, unasimamia ratiba, unasaini akaunti ya zulia, kwa nini usijenge wenyewe? Serikali hukopa kwa riba ndogo kuliko mbia.

---

MizaniYaHesabu

Si uchokozi, ni swali ambalo andiko lolote linapaswa kulijibu kwa namba. Weka safu mbili. Ya kwanza: gharama ya mji kujenga na kuendesha wenyewe kwa miaka 13, ikiwemo kuchelewa, kuvuka bajeti na ukarabati ambao kwa kawaida hausogei. Ya pili: yote ambayo mji utalipa au kukosa chini ya ubia, ikiwemo thamani ya ardhi na saa ambazo haiuzi. Zote zirudishwe kwenye thamani ya leo kwa kiwango kimoja. Tofauti ikiwa chini ya asilimia 5, chagua njia iliyo rahisi kusimamia.

Ubia unashinda pale ambapo mbia anabeba hatari ambayo kweli anaimudu: ujenzi na kujaza saa. Hauna maana kama mji unamhakikishia mapato. Ukiahidi "tutafidia pungufu ya makadirio", umekopa kwa riba ya mbia na hatari imerudi kwako. Hata wahasibu hawadanganyiki: chini ya IPSAS 32 (kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa sekta ya umma), mali ambayo mamlaka inadhibiti huduma yake, bei yake na thamani inayobaki mkataba ukiisha huingia kwenye vitabu vya mamlaka, iwe imejengwa na nani.

Na usijenge mkataba juu ya mpangaji mmoja. Stade de France, uliofunguliwa 1998 kwa mkataba wa uendeshaji wa miaka 30, ulikuwa na kifungu cha fidia iwapo hakuna klabu yenye makazi pale. Klabu haikupatikana, serikali ikalipa kwa miaka kadhaa. Le Mans, hukohuko Ufaransa, ilifungua uwanja mpya 2011 kwa njia ya mkataba wa uendeshaji, klabu ikafilisika 2013 na kuangushwa madaraja kadhaa. Uwanja ulibaki, mpangaji hakuwepo. Kwa kiwanja cha mtaa somo ni lile lile kwa kipimo kidogo: hakuna kundi moja linaloleta zaidi ya asilimia 15 ya mapato.

---

Kipenga

Sehemu ya uchumi wa eneo hatujaigusa. Maandiko mengi yanaahidi ajira na "mzunguko wa fedha".

---

Bi Ratiba

Ahadi hizo nyingi ni hewa, tuseme ukweli. Wachumi waliochunguza viwanja vikubwa, Marekani hasa, kwa miongo kadhaa hukuta jambo moja: fedha inayotumika uwanjani sehemu kubwa ingetumika kwingine mjini. Mtu aliyelipia mpira Ijumaa hakwenda sinema. Fedha imehama mtaa tu.

Kiwanja cha jamii kina njia nyembamba zaidi za kuleta kitu kipya, na zinaonekana. Watu 40 uwanjani kila saa ya jioni pamoja na wasindikizaji wao ni wateja waliosimama mahali pamoja usiku, penye taa. Wanaofaidika ni wauza vinywaji, mafundi wa viatu, wasafirishaji. Swali ni kama mkataba unawaacha waingie.

Mbia kwa kawaida hutaka haki ya pekee ya kuuza chakula na vinywaji ndani ya eneo lote. Mpe ndani ya jengo, kataa nje ya uzio. Vibanda 8 hadi 10 vya mita 3 kwa 3 vikiwa na maji, umeme wa mita binafsi na shimo la mafuta machafu, vigawiwe na mamlaka kwa bahati nasibu ya wazi, pango la miezi mitatu mitatu, kila familia kibanda kimoja. Ukimwachia mbia avipangishe, atampa mtu mmoja vyote naye atavikodisha kwa bei ya juu. Usisubiri hilo litokee ndipo uandike kanuni.

Wafanyabiashara waliokuwa pale kabla ya ujenzi waorodheshwe kwa picha na jina siku uzio unapopandishwa, wawe wa kwanza. Uchumi wa eneo unaoanza kwa kuwafukuza waliokuwepo ni hesabu ya kutoa.

Ajira: mradi huu unaajiri watu 10 hadi 15 wa kudumu, si mamia. Ila kuna ujuzi wa kubaki: kutunza zulia, umeme wa taa, kuendesha nafasi. Mkataba useme watu wangapi wa eneo wafundishwe kazi gani, na kufikia mwaka wa 3 fundi wa zulia awe wa hapo. Na pima kabla. Hesabu biashara ndani ya mita 500, mapato ya soko, watu wanaopita saa 1 usiku, mwezi mmoja kabla ya ujenzi. Bila namba ya mwanzo, ripoti ya mwaka wa 3 ni hadithi.

---

Mpiga Kona

Bwawa la kuogelea je? Madiwani wote wanalitaka.

---

Nyasi_na_Kokoto

Waache walitake, halafu wasome umeme. Bwawa dogo la mita 25 kwa 12.5 lenye kina cha wastani mita 1.5 ni mita za ujazo 469. Maji yote yapite kwenye chujio kila saa 4, pampu inasukuma mita za ujazo 117 kwa saa, usiku na mchana, kuna mtu au hakuna. Ongeza dawa, upimaji wa klorini na pH mara kadhaa kwa siku, na waokoaji wenye cheti kila dakika bwawa likiwa wazi. Kiwanja kikikosa watu unazima taa. Bwawa likikosa watu linaendelea kula. Likiingia kwenye ubia, liingie na ruzuku yake ya wazi kwa kila mtoto anayefundishwa kuogelea, lisibebwe kimyakimya na mapato ya mpira.

Kwa kuwa nimetaja taa: kwa mazoezi lux 75 (lux ni kipimo cha mwanga unaofika uwanjani) zinatosha, mechi za ligi ya mtaa lux 200. Kwa eneo letu, LED za lux 200 zinakula takriban kilowati 25, za mazoezi takriban 9 au 10. Weka swichi za ngazi mbili na mita yake peke yake. Mbia anayelipa umeme atawasha ngazi ya chini hata kwenye mechi, kwa hiyo kipimo cha mwanga kichukuliwe kila robo mwaka kwenye gridi ile ile ya vituo, na pungufu likatwe kwenye malipo.

---

Kipenga

Swali la mwisho kwa Kifungu. Mbia amekuja mwenyewe na andiko, hakuna zabuni. Afanyweje?

---

Kifungu_cha_Saba

Pokea, sajili tarehe, usisaini makubaliano ya awali yenye neno "pekee". Angalia kama mradi umo kwenye mpango wa mji. Usipokuwamo, mrudishie kwa maandishi. Ukiwamo, fanya upembuzi wako mwenyewe ukitumia saa na bei kama alivyoonyesha Mizani, kisha tangaza muhtasari (bila siri zake za kibiashara) na uwape wengine siku 60 hadi 90 walete zabuni bora. Siku 14 ni maigizo, hakuna anayeweza kupima udongo na kuongea na benki kwa muda huo. Mwenye andiko la kwanza apewe moja kati ya mawili, yasiwe yote: nyongeza ndogo ya alama, au haki ya kulingana na mshindi, yaani kupewa mradi akikubali masharti yale yale ya mshindi. Akishindwa, mshindi amrudishie gharama za upembuzi kwa kikomo kilichotangazwa tangu mwanzo.

Kigezo cha kushindanisha kiwe kimoja tu na kiwe cha namba. Kwa mradi huu ningeweka bei ya saa kuwa imefungwa, mchango wa umma kuwa umefungwa, washindane kwa saa ngapi za kilele wanaipa jamii. Wa saa 9 dhidi ya wa saa 12, hakuna kamati ya kubishana.